Mkono wa Rais Chini ya Shali

Jumatano. Jua kali, vumbi tele, na kichwa changu kimevimba kwa sifa.

Leo Garissa ina watu wawili maarufu: mimi na Rais. Nimejitaja kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyehitaji msaada wangu. Mimi sikuhitaji wake.

Hapo nimedanganya kidogo. Nilihitaji. Eedo, dada yake baba, ana ngamia wake huko Hulugho, na mashine ya kisima chao imekufa. Aliposikia Rais anakuja soko letu la mifugo, akanipigia simu asubuhi.

"Waryaa, kijana, wewe Mungu amekupa mdomo. Mwambie kisima. Akikataa, sisi jioni tunahama."

Kuhama kufuata maji ni siku nne kwa mguu, na ngamia watatu wamezaa juzi.

Mimi ni dalali. Shule niliiacha darasa la saba, nasikia mpaka leo inanililia.

Sokoni watu walikuja wamenuna. "Huyu anatujua siku ya kura tu," alisema Mzee Bare, ambaye nilikuwa namuuzia ngamia wake. Vijana walijiandaa kuzomea. Mimi nilishalowesha midomo kwa mluzi.

Rais akashuka, akalipita jukwaa kama halipo, akaja kwa ngamia wetu. Akauliza bei. Sasa, huku bei haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na dalali hushikana mikono chini ya shali, vidole vinaongea, jirani hajui kitu. Nikamwonyesha shali, utani tu.

Akaingiza mkono! Walinzi wakaruka.

"Kijana, nimesemaje?" akaninong'oneza.

"Mheshimiwa, hiyo ni bei ya mbuzi. Na mbuzi mwenyewe mgonjwa."

Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Soko lote likacheka naye. Akabonyeza tena, safari hii sawasawa, na ngamia akapata mwenyewe.

"Wallahi, huyu ni wetu!" Nani huyo? Mzee Bare.

Lazima niseme ukweli, yule mtu ni fundi. Hotuba yake sikumbuki hata neno moja, na barabara leo haijaongezeka hata hatua. Lakini watu wameenda nyumbani wakisema ametuheshimu, hakuogopa jasho letu. Kura za soko zima zilipigwa chini ya shali ile. Hata yangu. Nampenda, basi.

Alinishika mkono muda mrefu. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Alasiri Eedo akapiga. "Ulimwambia?" Nyuma yake ngamia walikuwa wananung'unika, wanafungwa mizigo. Na hapa sokoni macho yote yako kwangu, rafiki wa Rais.

Nikasema ndiyo. Nikasema amekubali, mafundi wako njiani.

Mbele ya Rais, neno kisima halikunitoka hata mara moja.

Nikamsikia Eedo akiwaambia wenzake wateremshe mizigo. Mpaka naandika hapa, sijampigia.