Vipimo vya Ndege ya Okello

Walukuba, Jumamosi, Agosti 1998

Hatimaye imekubali. Siku mbili nilikuwa naiweka dashibodi mpya ya mchezo wa kurusha ndege mahali pasipofaa kwenye kompyuta, na ndege inaonyesha giza tupu. Leo vipimo vimetokea vyote, kama vya ndege aliyorusha mume wangu jeshini kabla macho yake hayajadhoofika.

Nilihofia vitamuumiza. Tangu jeshi limwachishe kazi, Okello hataji urubani.

Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Kipimo cha mafuta wameweka mbali sana."

"Basi nizime, afande?"

"Hapana. Leta kiti. Twende Mbale."

Tulipoukaribia Mlima Elgon alinieleza jinsi upepo wake unavyosumbua. Alieleza mpaka chai ikapoa.

Tangu anioe hakuwahi kunipandisha ndege. Leo nimepanda.