Geti Jipya na Mwalimu wa Fizikia

Ijumaa, Sengerema

Tulizunguka kutafuta shule, na kwenye ya kwanza geti tu lilitosha kunipumbaza. Geti jipya, maua, mkuu wa shule na tai yake. Nikawa tayari kumhamishia Neema, binti yangu, pale pale. Yeye akaenda bombani kuwauliza wanafunzi nani anawafundisha fizikia.

"Kitabu," wakamjibu.

Shule ya pili haina geti, na mbuzi wanahudhuria zaidi ya wazazi. Lakini mwalimu wa fizikia, dada mwenye chaki hadi kwenye nyusi, alimpa Neema swali. Neema akakosea, akakataa kwamba amekosea, wakabishana nusu saa.

"Mama, nataka hapa."

Bweni linavuja, na kifua chake hakipendi baridi. Naogopa. Lakini nimekubali, maana tangu baba yake afariki sikuwa nimemsikia akibishana na mtu.