Macho Niliyoyashusha Uwanjani

Bukoba,
Jumapili, 12 Mei 1968

Tata, baba yangu mpendwa,

Leo nitakueleza yote bila kuficha, hata lile linaloniaibisha. Kwanza, hujambo? Mguu wa Mama umepona? Mimi ni mzima, ila senene wameanza kuanguka hapa mjini, na nikisikia harufu yao jikoni nawaza ni nani huko Ijumbi anayemsaidia Mama kuwanyonyoa mabawa.

Shuleni tunacheza mpira wa kikapu, nami nimefundishwa urefa. Marefa huwa wawili. Mwalimu Paskazia, anayetoka Moshi, husimama karibu na kikapu, mimi nyuma katikati ya uwanja. Tumepatana hivi: yeye akizibwa asione jambo, hunitazama. Kama mimi nimeliona, namtazama machoni na kumwonyesha kwa mkono.

Jana tulicheza na wageni. Mwishoni kabisa Adventina wa darasa letu alikimbia akidunda mpira, akamgonga msichana wa wageni aliyekuwa amesimama tuli. Mwalimu alizibwa na migongo. Akanigeukia. Nami, Tata, nikashusha macho, kama mlivyonifundisha kufanya mkubwa anaponitazama.

Akadhani sikuona. Akaamua kosa ni la mgeni, Adventina akapewa mitupo ya adhabu, akafunga, tukashinda kwa pointi moja.

"Refa, nilisimama kama mgomba!" yule msichana alisema huku analia.

Mwenzake akanicheka: "Mwache huyo, anahesabu vidole vyake vya miguu!"

Wageni walipoondoka Mwalimu aliniita. "Uliona?"

"Niliona, Mwalimu. Kosa lilikuwa letu."

"Mbona hukunionyesha?"

"Ni heshima, Mwalimu."

"Koku! Nakuomba macho, wewe unanipa utosi!" Kisha akasema polepole, "Waulize wazazi wako. Sitaki kuvunja malezi ya watu. Lakini kama huwezi, siku ya marudiano nitamchukua mwingine."

Marudiano ni Jumamosi baada ya hii ijayo. Nataka sana kuwemo, Tata. Yule msichana atakuja, na sitaki aonewe tena mbele yangu.

Nimekumbuka ulivyokuwa ukiamua ugomvi wa majirani pale uani, wewe na mzee mwenzako Ta Kaizilege. Kabla ya kutamka neno mlitazamana kwanza. Nilichungulia mlangoni nikaona, nisamehe.

Nisalimie Mama, bibi anayeota moto wake daima, shangazi msuka mikeka, na Ta Kaizilege mwenyewe.

Nikijaribu kuukumbuka uso wako, Tata, inakuja miguu yako na vile viatu vya matairi, maana ndiyo niliyozoea kuitazama. Ni mimi binti yako Kokugonza, ninayeomba jibu kwa basi hilohilo lililoleta barua hii: naruhusiwa kumtazama Mwalimu machoni mpira unapochezwa? Na nikija likizo, nikutazame na wewe, hata mara moja?