Baba Halidi na Makasha ya Filamu za Kutisha

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu ulipotutoka asubuhi ya Jumatatu, nyumbani kwako Sofu, Kibaha. Moyo wako ulisimama wewe ukiwa umekaa kitini, na chai ilikuwa bado ya moto. Hukuteseka, na kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Ulikuwa mchora ramani wa halmashauri mpaka ulipostaafu. Jirani aliyehitaji mchoro wa choo ulimchorea kwa uangalifu uleule uliotumia kwa ramani ya shule, na hukutaka malipo. Penseli zako ulizichonga kwa wembe. Vichongeo hukuviamini.

Watu wengi walikufahamu kwa jambo jingine: kanda za video za filamu za kutisha, zile za zamani. Vibanda vya kukodisha kanda vilipokuwa vikifungwa, Maili Moja, Mlandizi na Kisarawe, ulipita kununua zilizobaki. Deki ya kuzichezea hukuwa nayo. Ulitaka makasha, kwa sababu ya picha za juu, ambazo nyingi zilichorwa kwa mkono. Ulituonyesha jinsi mchoraji alivyouficha uso wote gizani, akaliacha jicho moja lifanye kazi. Filamu zenyewe ulizikimbia. Siku mwanao Latifu alipoazima deki, ulitoka kwenda kumwagilia mchicha mpaka filamu ikaisha.

Baada ya chakula cha jioni ulichukua kasha moja, ukamsimulia Mama hadithi uliyoitunga mwenyewe kwa kuitazama picha. Nyingine zilichukua jioni kadhaa. Mama alilalamika kwamba unamtisha, kisha akauliza, "Ehe, ikawaje?"

Alipotoka eda, Mama aliamua kuhamia nyumba ya ukoo, Kisarawe. Alitaka jambo moja tu, kwamba makasha yako yaende naye. Dada yako Tunu, anayeishi humo, hakupenda.

"Wifi, njoo na vitanda, njoo na kuku wako. Mazimwi hapana."

"Basi na mimi nitabaki nayo hukuhuku Sofu."

Shangazi akakubali, kwa sharti kwamba yakae chumbani kwa Mama na mlango ufungwe.

Mdogo wako Hashiru ndiye aliyesimamia mizigo. Alifika Kisarawe na magunia mawili, anatabasamu. "Shemeji, kanda zote nimekuletea. Hakuna hata moja iliyovunjika."

"Makasha yake yako wapi?"

"Yale maboksi matupu? Yalikuwa yanajaza gari bure. Nimemwachia Mama Aneth wa dukani."

Mama alikaa juu ya gunia. "Hashiru, umenibebea maganda, muhogo umeuacha Sofu."

Baba Mdogo aligeuza gari saa ileile, hata maji hakunywa. Alimkuta Mama Aneth ameyapanga makasha mbele ya mitungi ya pipi, picha zikitazama mlangoni.

"Tangu niyaweke hapo, hakuna mtoto anayenyoosha mkono," alisema. Aliyarudisha yote, isipokuwa moja. "Huyu bibi mwenye meno niachieni. Ndiye mlinzi wangu."

Mama alipoambiwa alicheka, mara ya kwanza tangu uondoke. "Abaki naye. Halidi angempa mwenyewe."

Kanda alizozichomoa Baba Mdogo zilikuwa zimechanganyika, na hakuna aliyejua ipi ni ya kasha lipi. Mwanao Firdausi alitaka kuzipanga. Mama alimwambia azitie popote, maana wewe mwenyewe hukuzitazama hata siku moja.

Makasha yamo chumbani kwake sasa. Wiki iliyopita Shangazi Tunu alibisha hodi, akasema amefuata sindano. Alisimama mbele ya kasha lenye mwanamke aliyeshika taa mlangoni, akauliza ni nini kilimpata. Mama akamsimulia: nyumba iliyo peke yake, mvua, mtu anabisha, mwanamke anaweka mkono kwenye komeo. Hapo akaishia.

"Ehe, nani alikuwa anabisha?"

"Halidi hakusema. Ilikuwa Jumapili, akasema atanimalizia kesho."

"Si umalizie wewe, wifi?"

"Si yangu."

Shangazi alilifuta kasha kwa upindo wa kanga yake, taratibu, akalirudisha mahali pake. Alipotoka aliuacha mlango wazi.

Unakumbukwa na mkeo Zena. Watoto wako Firdausi, Latifu na Nuria. Dada yako Tunu. Mdogo wako Hashiru. Wakwe, wajukuu, na majirani zako wa Sofu. Hitma itasomwa Jumapili nyumbani Kisarawe, baada ya sala ya alasiri.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.