Vema kwa Wino Mwekundu

6 Februari

Mwanangu Kifungo,

Hujambo? Mjukuu wangu hajambo? Mimi mzima, cherehani nayo nzima, tunalalamika pamoja tu.

Jana kwenye simu mtoto alisema weee kwa Kiingereza chake, nami nikabaki kucheka kama niliyetekenywa. Ana miaka mitano na sijazungumza naye hata siku moja. Mkija Desemba sitaki mkalimani ndani ya nyumba yangu. Nitumie maneno ya Kiingereza, kila neno na maana yake na sentensi ya mfano, nami nitatunga zangu. Usinionee haya. Nisahihishe kama unavyowasahihisha hao wanafunzi wako.

Mama yako

20 Februari

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila baridi ya huku ughaibuni. Mwanafunzi wangu mzee kuliko wote, karibu darasani!

Tired: kuchoka. The teacher is tired.
Hide: kuficha. The boy hides his shoes. Huyo ni mjukuu wako kila asubuhi.
Swell: kuvimba. The door swells in the rain.

Mwanao, Kifungo

17 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kabisa, usiwe na wasiwasi. Sare za shule zimejaa hadi kitandani. Kazi yako hii hapa:

I am tired when I sew.
My breast swells on the left.
I hide it under a big dress.

Kiingereza kitamu, bwana. Mambo yanayonikwama kooni kwa lugha yetu, huko yanapita tu.

Mama yako

9 Aprili

Mama, shikamoo.

Nimefurahi u mzima. Karatasi yako nimeisahihisha pamoja na madaftari ya darasa, na umewashinda wote: vema tatu! Nakurudishia humu uone. Ila hilo "breast" si la kumwambia mtoto. Weka "foot", yaani mguu. Mguu nao huvimba. Haya mapya:

Cut: kukata. I cut the bread.
Afraid: mwenye hofu. The cat is afraid of water.
Wait: kungoja. We wait for the bus.

Mwanao, Kifungo

30 Mei

Mwanangu,

Hamjambo huko? Mimi mzima. Nimechelewa kujibu, mkono ulikuwa mzito. Nimerekebisha: My foot swells on the left. Mguu wangu hauna neno, lakini mwalimu ni mwalimu.

The doctor wants to cut it.
I am afraid alone.
I wait for my daughter.

Mama yako

28 Juni

Mama, shikamoo.

Niwie radhi, ni msimu wa mitihani na madaftari yamenifika kiunoni. Vema zote! Ila hapo kwenye "cut it", msomaji hajui daktari anakata nini. Siku nyingine taja kitu chenyewe. Mjukuu wako amejua kusema shikamoo, anamwamkia hata paka. Desemba si mbali.

Mwanao, Kifungo

11 Septemba

Mama,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti chako cha cherehani. Tumekuzika juzi.

Mama mdogo amenisimulia yote. Ulikataa upasuaji hadi nifike. Alipotaka kunipigia simu ukamkatalia, ukasema umeshaniandikia, kwamba mimi najua, ni vile tu naona uchungu kulitaja hilo titi.

Kwenye droo nimekuta karatasi zako zimefungwa kwa kitambaa. Titi langu la kushoto linavimba. Vema. Daktari anataka kulikata. Vema. Nina hofu, niko peke yangu. Vema. Namngoja binti yangu. Vema, kwa mkono wangu huu. Juu ya barua uliandika u mzima, na hapo ndipo nilipokuamini. Huku chini nilikuwa natafuta makosa tu. Nisamehe, Mama. Mwenyewe sijui kama nitajisamehe.

Mtoto alisimama kaburini akasema kama nilivyomfundisha, "Shikamoo, Bibi." Akangoja. Kisha akanigeukia, akaniuliza mbona Bibi haitikii.

Nikaitikia mimi, marahaba.

Mwanao, Kifungo