Jedwali Linaganda, Nami Sitaki Litulie

Mshauri mpendwa, shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuichana, nimeiandika tena na kuichana, maana naona haya kumweleza mtu mzima kwamba kinachoninyima raha ni jedwali la kwenye kompyuta, lakini nisaidie hivyo hivyo, mimi ni mama wa watoto wakubwa na sina wa kumwambia asinicheke.

Nafanya kazi idara ya maji, kwenye chumba cha kuangalia matangi, na zamani, mshauri, chumba kile kilikuwa na raha yake. Kila saa simu ya upepo ilikoroma, kisha mwenzangu wa kituo cha mlimani, tuliyemwita Kengele kwa ajili ya sauti yake, ananisomea kimo cha maji tangi moja baada ya jingine, nami naandika, naye hakosi neno, mara mvua imemnyeshea, mara chai yake imemwagika, mara ananiuliza yule mwanangu mtundu ameshatulia au bado, na kwa hiyo hata zamu ndefu niliiona fupi. Kompyuta zilipokuja tukalitengeneza jedwali pamoja, yeye kwenye simu ya upepo ananiambia tangi likijaa liwe la bluu, likipungua liwe la njano, mimi nabonyeza, tunacheka. Usinielewe vibaya, yeye na mkewe, mimi na mume wangu.

Kengele akastaafu, akahamia kwa binti yake. Kule mlimani vikafungwa vifaa vinavyopima maji vyenyewe na kutuma namba moja kwa moja kwenye jedwali letu. Chumba kikawa kimya, hata feni unaisikia inavyolalamika. Fundi wa kompyuta akaniuliza namba ziwe zinaingia kila baada ya muda gani, nikamwambia kila sekunde, kwa sababu zikichezacheza pale kwenye skrini naona kama kuna mtu upande wa pili. Hilo sijamwambia mtu yeyote. Sasa jedwali limekuwa zito, namba moja ikiingia linapiga hesabu zote upya, na miaka yote imo humo humo kwa kuwa sikutaka kufuta hata mstari mmoja aliousoma Kengele, rangi nazo zinahangaika, mwisho linaganda. Mwezi uliopita liliganda bila mimi kujua, likanionyesha tangi bado lina nafasi kumbe limeshafurika, maji yakaingia kwenye karakana ya seremala aliye chini yake.

Mkuu wangu amenipa mpaka mwisho wa mwezi. "Mama, kompyuta haina tatizo," alisema. "Jedwali lako liwe jepesi, la sivyo nalitoa, na wewe nakuhamishia dirisha la malalamiko." Fundi alikuja kupunguza, nikamwambia aache kwanza. Mshauri, nifanye nini nisikipoteze chumba changu na jedwali letu?

Mama wa Matangi

*

Mama wa Matangi,

Marahaba. Sijakuelewa vibaya, na sijakucheka. Aliyecheka ni mkwe wangu, ambaye kazi yake ni hayo hayo majedwali, nami nimemkanya. Kumkumbuka mtu mliyefanya naye kazi miaka yote si jambo la kuonea haya. Mimi mwenyewe nilianza safu hii barua zikiletwa kwenye mfuko, na mpaka leo ujumbe ukiingia kwenye simu nausikitikia kwamba hauna stempu.

Lakini huruma yangu inaishia hapo, maana umecheza na maji ya watu. Tangi kubwa halijai kwa kufumba na kufumbua. Namba za kila sekunde ulizihitaji wewe, tangi halikuzihitaji. Na yule seremala, katika barua nzima, umempa nusu sentensi. Karakana yake imelowa kwa sababu ya upweke wako, kwa hiyo nenda kwa miguu yako umwombe radhi. Mkuu wako naye umweleze wewe mwenyewe ni nani aliyetaka kila sekunde, asije akalisikia kwa fundi.

Sasa sikiliza anavyosema mkwe wangu. Namba za kutoka mlimani zitue kwenye ukurasa wake peke yake, usio na fomula wala rangi, na jedwali lako liwe linachota pale kila baada ya dakika chache, lipate kupumua. Miaka ya nyuma ihamishiwe faili jingine. Hakuna anayekwambia ufute alichosoma Kengele, kinahama tu, na siku ukitaka utakifungua. Fomula zipige hesabu za mistari ya leo, zisizunguke jedwali zima kutafuta, na rangi vivyo hivyo. Halafu juu kabisa, kwa herufi kubwa, ioneshwe saa kilipoingia kipimo cha mwisho. Ukiona saa hiyo imebaki nyuma ya ile ya ukutani, ujue limeganda, nyanyua simu utume mtu akachungulie tangi. Yote hayo, anasema, ni kazi ya nusu siku.

Ila kuna jambo moja yeye hana fomula yake. Umeniandikia kwamba Kengele amehamia kwa binti yake, lakini hukuandika popote kwamba umempigia. Mtu yu hai, simu unayo, na wewe unakaa na namba ukijifanya ni yeye? Ukizipunguza, chumba kitakuwa kimya kweli, na kimya hicho kitakuuma, sikufichi. Kwa hiyo anza na Kengele. Mpigie leo, umwambie umemkumbuka, kwa maneno hayo hayo, bila kuzungukazunguka. Usipompigia yeye kwanza, fundi akija utamwambia tena aache.