Khanga ya Bi Mwajabu na Mageuzo Manne

Jumatatu, 4 Machi 1974
Siwezi kutulia. Alhamisi kamati ya chuo inaamua: niendelee na nadharia ya makundi, hisabati yangu, au nihamishiwe uhasibu wa ushirika. Mwalimu Kornelio kanionya kwamba watauliza mkulima atafaidi nini. Uhasibu! Nitakufa kabla ya siku zangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata — khanga! Mwenye nyumba wangu, Bi Mwajabu, kaanika doti mpya uani. Ua moja katikati, pindo sawa pande zote. Iache ilivyo. Izungushe juu chini. Ipindue kwa urefu. Ipindue kwa upana. Kila mara ni ileile! Fuatanisha mageuzo mawili, unapata mojawapo ya hayohayo manne. Na kila geuzo lina la kulirudisha. Hilo ndilo kundi, halina uchawi. Mchoraji wa kiwanda cha nguo akilijua, atajua mapambo yapi yanarudiwa bila kuharibika. Na pamba ni ya mkulima. Waulize sasa!

Nimeazima kipande kimoja. Bi Mwajabu kasema, "Chukua mwanangu, ila Jumamosi nakwenda nayo arusini, mke mwenzangu lazima aisome. Kanirushia maneno mwaka mzima, namjibu siku hiyo."

Jumatano, 6 Machi
Jina! Yale maandishi ya chini! Ukiizungusha yanasimama kichwa chini. Mjinga mimi. Khanga yenye jina haina geuzo ila kuiacha ilivyo. Nimekunja, pande hazilingani. Nimetoka uani, nimerudi, nimetoka tena.

Mkasi. Nimekata ule ukanda wa maneno, nikaunga. Nitaurudisha, nyuzi zipo.

Alhamisi, 7 Machi
Wamenikubalia! Mwenyekiti kaipindua khanga mwenyewe, anacheka kama mtoto. Mmoja kauliza, je, kukata nako ni geuzo? Nikajibu upesi: hapana, ndani ya kundi kila tendo lina la kulirudisha. Wakaandika. Mie nikaikunja khanga, mshono ndani.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeshona ukanda mahali pake. Mshono umevimba, herufi zimepinda. Nimefumua, nimeshona upya — mbaya zaidi! Mama wa watu kanipa kwa moyo mweupe. Naona aibu, naogopa.

Anapuliza makaa ya pasi barazani.

"Adelina! Lete hiyo khanga, pasi imeshapata moto!"

Nimesema naja. Sindano ingali mkononi. Ndala zake hizo, ukumbini —